KUDARIZI KOFIA KWA MKONO: STAREHE YENYE FAIDA



Ndugu wasomaji, kila Ijumaa tunapopanga safu msikitini, mbele yetu huwa kumejaa kofia nyeupe zenye maua na vitundu. Tunaziona na tunazivaa, lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kujiuliza vile vitundu vimetobolewa na nani, na kwa muda gani? Mwaka jana baada ya Idi, wachache miongoni mwetu tulikwenda kujifunza kazi hiyo kwa bibi mmoja jirani yetu hapa Chang'ombe, aliyekulia Unguja. Bibi huyo hashoni tena kwa sababu macho yake hayaoni tundu la sindano. Sisi tulitunga uzi, yeye akatuelekeza. Makala hii inaeleza tuliyojifunza, ili na wewe ukipenda uanze.

Kudarizi ni nini?

Kudarizi, au kutarizi, ni kupamba nguo kwa sindano na uzi. Majumbani mwetu tunaona foronya, mashuka na vitambaa vya meza vilivyodariziwa maua. Kanzu nayo hudariziwa shingoni, na ile isiyo na pambo lolote huitwa kanzu ya mfuto. Katika kofia, kazi inayosifika zaidi ni kofia ya viua. Kiua ni kile kitundu kidogo kilichozungushiwa uzi ukingoni. Viua vinapamba, na tena vinapitisha hewa kichwani, jambo ambalo kila anayelijua jua la Dodoma la mwezi Oktoba ataliona ni neema.

Ufundi huu umetoka wapi?

Kofia za viua zinashonwa Zanzibar, Lamu na Oman, ambako kofia ya namna hii ni sehemu ya vazi la taifa. Sababu ni historia. Katika karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, na watu, biashara na mavazi vikawa vinakwenda na kurudi baharini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walihamia huko, na sindano zao wakaenda nazo.

Na sisi wa bara tusidhani hatumo. Katika karne hiyo hiyo misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa Ugogo, na watemi waliitoza hongo, ambayo kwa sehemu kubwa ililipwa kwa nguo. Miongoni mwake ilikuwa pamba nyeupe kutoka Marekani, ndiyo maana mpaka leo kitambaa hicho tunakiita marekani. Nasi tulianzia mazoezi yetu juu ya kipande cha marekani.

Je, ni kazi ya wasichana tu?

Mmoja wetu, mvulana, alichekwa na wenzake walipomwona na sindano. Akaanza kuificha kofia yake ndani ya mfuko wa vitabu, na nusura aache. Tukamkumbusha Kiswa, pazia la Al-Kaaba. Ni hariri nyeusi, na aya zilizo juu yake hudariziwa kwa mkono kwa nyuzi za fedha, nyingine zikiwa zimepakwa dhahabu. Mkanda wake una urefu wa mita 47 hivi. Kwa karne nyingi Kiswa kilitoka Misri, na mwaka 1927 kikafunguliwa kiwanda chake Makka. Mafundi waliodarizi aya hizo kiwandani kwa miaka mingi ni wanaume. Basi ikiwa sindano haikuwavunjia heshima wao, itatuvunjiaje sisi?

Vifaa

Sindano nyembamba na nyingine nene ya kutobolea, uzi mweupe wa pamba, kitambaa cheupe, mkasi, penseli, futi kamba, na subana ya kukinga kidole.

Hatua za kufuata

1. Pima kichwa. Tuseme ni sentimita 56. Ongeza 2 za mshono: utepe wa pembeni utakuwa na urefu wa sentimita 58.

2. Tafuta kipimo cha duara la juu. Hapa ndipo tulipokosea. Kofia yetu ya kwanza tulichora duara kwa kufuata ukingo wa sahani, ikatoka imekunjamana kama mfuko. Bibi alicheka sana, kisha akatutuma turudi kwenye hesabu za shule: gawanya mzingo kwa 22/7. Kwa 56 utapata kipenyo cha 17.8. Ongeza sentimita 1 kila upande, ukate duara la kipenyo cha 19.8.

3. Kata kila kipande mara mbili, uvipandanishe na kuvipiga bandi visicheze.

4. Chora maua kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Anza na ua moja dogo linalojirudia.

5. Fuata mistari kwa mishono midogo iliyo sawa. Kisha toboa kiua kwa sindano nene na kukizungushia uzi mpaka ukingo ufunikwe wote. Usivute sana, kitambaa kitajikunja.

6. Vipande vyote vikishadariziwa, ndipo uviunganishe.

Vumbi letu jekundu ni adui wa kitambaa cheupe. Nawa mikono kabla ya kushika kazi, na ukimaliza uifunge ndani ya kanga safi.

Faida zake

Ya kwanza ni subira. Tulijipima kwa saa: kiua kimoja kilituchukua dakika nne. Kofia yenye viua 600 ni saa 40. Ukishona nusu saa kila siku, ni siku 80. Ukianza baada ya Idi el-Fitri, utamaliza kabla ya mwaka mpya wa Kiislamu.

Ya pili ni kuujua uthamani wa jasho la mtu. Anayejua saa 40 hatastaajabu kofia ya mkono ikiuzwa ghali kuliko ya mashine.

Ya tatu ni kuhifadhi. Wanawake wa Palestina kwa vizazi wamedarizi nguo ambazo maua yake humtambulisha mvaaji ametoka kijiji gani, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Wao waliuhifadhi kwa kuwafundisha mabinti zao. Ufundi wa bibi yetu nao uko mikononi mwake, na macho yake yamekwisha choka. Asipopata wa kumrithi, utakwenda naye.

Yule mvulana aliyechekwa alimaliza kofia yake. Mishono imepinda kidogo upande wa nyuma, na viua vya mwanzo ni vikubwa kuliko vya mwisho. Aliivaa Ijumaa, na wawili kati ya waliomcheka wakamuuliza uzi unauzwa wapi.