Lenzi Ndefu Inapokosa Shabaha: Namna ya Kuchunguza Fokasi ya Otomatiki

Msafiri apitaye barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera huyaona mashamba ya mkonge ya Kabuku, wilayani Handeni, yakiwa yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Juu ya nyaya zilizo kando ya barabara, ndege aina ya keremkerem hupenda kutua ili kuwavizia nyuki na wadudu wengine warukao. Tuseme mpiga picha amesimama hapo saa 7 mchana, akiwa na kamera isiyo na kioo pamoja na lenzi ndefu ya milimita 600 iliyotengenezwa na kampuni nyingine, siyo ile iliyotengeneza kamera. Anamlenga ndege na kubonyeza kitufe. Lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, kisha inatulia. Akiitazama picha, anakuta majani ya mkonge yaliyo nyuma yameonekana wazi, na ndege mwenyewe amekuwa kama ukungu. Anajaribu mara ishirini bila mafanikio. Jioni anakata shauri kwamba lenzi ni mbovu.

Je, uamuzi huo ni sahihi? Swali hili si dogo. Lenzi ya namna hiyo humgharimu mtu akiba ya muda mrefu, na wengi huichagua ya kampuni nyingine kwa sababu bei yake aghalabu ni nafuu. Akiiuza kwa hasara kumbe kosa liko mahali pengine, atakuwa amepoteza fedha na ugonjwa utabaki palepale. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi fokasi ya otomatiki inavyofanya kazi, na jinsi ya kutafuta chanzo cha kosa kabla ya kuihukumu lenzi.

Kamera inavyopima umbali

Kamera ya kwanza kuuzwa kwa wingi iliyoweza kujitafutia fokasi ilikuwa Konica C35 AF, iliyotoka mwaka 1977. Mwaka 1985 Minolta ilitoa Minolta 7000, kamera ya kioo yenye mfumo huo ndani ya mwili wake. Katika kamera za kioo zilizofuata mtindo huo, sehemu ya mwanga huelekezwa kwenye kihisi kidogo kilichowekwa chini ya kioo, na hapo ndipo vipimo hufanyika. Picha yenyewe hupigwa mahali pengine, yaani kwenye filamu au kwenye kihisi kikubwa. Njia hizo mbili zikitofautiana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, fokasi huangukia mbele au nyuma ya shabaha, tena kwa namna ileile kila mara.

Kamera zisizo na kioo zilianza kuenea baada ya Panasonic kutoa Lumix G1 mwaka 2008. Katika kamera hizi kihisi kinachopiga picha ndicho pia kinachopima fokasi, na kwa hiyo kosa lile la zamani limepungua sana. Mpiga picha anayekimbilia kurekebisha lenzi kama ilivyofanywa katika kamera za kioo huenda anatibu ugonjwa usiokuwapo.

Kamera nyingi za sasa hupima kwa kulinganisha picha mbili. Baadhi ya vituo vya kihisi hupokea mwanga uliopitia upande wa kushoto wa lenzi, na vingine mwanga wa upande wa kulia, mithili ya macho mawili ya binadamu. Fokasi ikiwa sawa, picha hizo mbili hulingana. Isipokuwa sawa, huachana, na pengo lililopo huiambia kamera iisogeze lenzi upande gani na kwa kiasi gani.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa kuwa katika kamera nyingi vituo hivyo hutazama kushoto na kulia tu, huona vizuri mistari iliyosimama, lakini huona kwa shida mistari iliyolala. Waya wa umeme ni mstari uliolala, na majani ya mkonge yamesimama kama mapanga. Si ajabu, basi, kamera ikiuacha waya na kuyashika majani! Dawa yake ni rahisi: igeuze kamera isimame wima, au ulenge kifua cha ndege badala ya waya, ukitumia eneo dogo la fokasi.

Lugha kati ya kamera na lenzi

Kupima peke yake hakutoshi. Baada ya kupima, kamera huituma amri ya umeme kwenye lenzi, na mota ya lenzi huvisogeza vioo vya ndani. Lenzi nayo hujibu kwa kutaja mahali ilipofika. Mazungumzo haya hupitia vituo vidogo vya metali vilivyo kwenye mlango wa lenzi, na kila kampuni ya kamera ina lugha yake.

Kampuni nyingine ikitaka kutengeneza lenzi ya kamera hiyo, ama hupewa lugha hiyo kwa makubaliano, ama huichunguza na kuigiza. Mwaka 2011, kwa mfano, Sony ilitangaza kuwa itatoa maelezo ya msingi ya mlango wake wa E kwa watengenezaji wengine. Hata hivyo, kamera zake zenye mwendo wa picha 20 kwa sekunde au zaidi huziwekea lenzi za makampuni mengine kikomo cha picha 15 kwa sekunde. Mtu asiyejua kikomo hicho anaweza kudhani mota imechoka.

Lugha hiyo hubadilika pia. Programu ya ndani ya kamera ikiboreshwa, lenzi ya kampuni nyingine inaweza kuhitaji programu mpya ili waendelee kuelewana. Lenzi ya zamani iliyoundwa kwa kamera ya kioo, na kufungwa kwa adapta, ina mkalimani wa tatu katikati. Tena mota yake huenda iliundwa kwa kuruka mara moja, siyo kwa hatua ndogondogo za kwenda na kurudi.

Lenzi ndefu haisamehe

Umbile la lenzi ndefu lenyewe ni sababu nyingine. Tuchukue kamera yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, na tundu la lenzi la f/6.3. Lenzi ya milimita 50 ikilengwa kwenye kitu kilicho mita 10, vitu vilivyo kati ya takriban mita 6 na mita 40 vitaonekana wazi vya kutosha. Lenzi ya milimita 600, kwa umbali na tundu lilelile, itaonyesha wazi kina cha takriban sentimita 10 tu. Kosa dogo la mota lililofichika katika lenzi fupi hujitokeza mara moja katika lenzi ndefu.

Zaidi ya hayo, ipo hewa. Jua la mchana hulichoma lami na udongo mtupu, na hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto isivyo sawa. Mwanga upitao humo hupindwapindwa, na lenzi ndefu huyakuza mapindo hayo pamoja na ndege. Hakuna fundi wala programu iwezayo kuliondoa tatizo hilo. Kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi hewa kwa kawaida huwa tulivu zaidi.

Utaratibu wa uchunguzi

Kanuni ni moja: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha utazame matokeo.

1. Asubuhi, bandika ukurasa wa gazeti ukutani, mita 15 kutoka ulipo. Funga lenzi kwenye stendi ya miguu mitatu, ondoa filta, na uzime kituliza mtikisiko.

2. Piga picha 10 kwa fokasi ya otomatiki, ukiivuruga fokasi kabla ya kila picha. Kisha piga 10 kwa fokasi ya mkono, huku ukikuza taswira kwenye kioo cha kamera. Zote zikikosa uwazi, tafuta kosa katika vioo vya lenzi, mtikisiko au hewa. Za mkono zikiwa nzuri na za otomatiki mbaya, kosa limo katika fokasi ya otomatiki.

3. Rudia kwa lenzi ya kampuni ya kamera, hata ya kuazima. Nayo ikishindwa, chunguza kamera.

4. Zima kamera, toa lenzi, na ufute vituo vya metali kwa kitambaa laini kikavu. Vumbi la barabarani laweza kukatiza mazungumzo.

5. Soma namba ya programu ya kamera na ya lenzi, uilinganishe na maelezo ya watengenezaji. Sigma na Tamron wana vifaa vya kuunganisha baadhi ya lenzi zao na kompyuta, na baadhi ya lenzi za karibuni za Tamron zina tundu la USB.

6. Kagua swichi iliyo ubavuni mwa lenzi. Ikiwekwa kwenye mita 10 na kuendelea, lenzi haitapoteza muda kutafuta karibu. Lakini ndege aliye mita 6 hatapatikana kamwe.

7. Ikiwa umeongeza kikuza cha mara 1.4, kiondoe. Kikuza hicho huligeuza tundu la f/6.3 kuwa takriban f/9, na mwanga wa kupimia hupungua.

Baada ya hatua hizi, yule mpiga picha wa Kabuku anaweza kugundua kwamba lenzi yake ni nzima, na kilichomshinda ni waya uliolala, mkonge uliosimama na joto la saa 7. Ikiwa lenzi ni mbovu kweli, atakwenda kwa muuzaji akiwa na picha 20 za ushahidi badala ya malalamiko matupu. Kwa vyovyote atakuwa ameijua sababu kabla ya kutoa fedha nyingine.