SOMO LA REDIO: GUNIA LA MAHINDI NA WATAALAMU WA UCHUMI

Asomaye taratibu asaidiwe na mwenzake.

Tuseme wewe ni mkulima wa Ihanda, wilayani Mbozi. Umevuna, na unayo magunia kumi ya kuuza. Mpaka wa Tunduma hauko mbali, na ng'ambo yake ni Zambia. Mnunuzi wa huko anatoa bei nzuri. Mara Serikali inatangaza: mahindi yasitoke nchini! Jambo hili lilitokea kweli. Mwezi wa Juni 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku kupeleka mahindi nje; aliyetaka kuuza huko alitakiwa ayasage kwanza, auze unga. Shabaha ilikuwa kulinda chakula cha wananchi. Baadaye marufuku hiyo iliondolewa.

Je, wataalamu wa uchumi wanasemaje?

Liko jambo ambalo karibu wote wanakubaliana. Wanunuzi wakipungua, bei ya shambani hushuka. Mkulima hupunjika, na mnunuzi wa unga mjini hupata nafuu. Tena bei ikishuka mno, mwaka wa pili mkulima hulima kidogo, na nafuu ile huweza kugeuka upungufu.

Liko na jambo ambalo hawakubaliani. Wengine husema: mpaka uwe wazi siku zote, na Serikali iweke akiba ya nafaka katika maghala, kama afanyavyo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Wengine hujibu: akiba huenda isitoshe, na njaa haingoji. Katika mwaka mbaya, hakuna budi kufunga mpaka kwa muda.

Kwa nini wasomi wabishane? Sababu ni mbili. Kwanza, kupima ni kugumu. Mvua, bei ya mbolea na amri ya mpaka hubadilika pamoja. Ni vigumu kujua lipi limeshusha bei, na kwa kiasi gani. Pili, hesabu haisemi nani atangulizwe, mkulima au mlaji. Hilo ni la wananchi wote kuamua, nawe umo.

Basi ukimsikia mtaalamu, jiulize: hapa anaeleza alichokipima, au anasema nani atangulizwe?

MASWALI
1. Mpaka ukifungwa, nani hupata nafuu? Nani hupunjika?
2. Wewe ungeamuaje? Andika sentensi tatu, usome mbele ya darasa.