Mtaro Umeziba: Malalamiko ya Mkazi Yapitie Mlango Upi?

Mvua za masika zikianza Kilifi, mtaro ulioziba hujitangaza wenyewe. Maji hupanda barabarani, huingia kwenye vibanda vya soko na kulowesha magunia ya vitunguu na viazi, kisha hubeba taka hadi milangoni mwa nyumba. Mama mboga hupoteza mtaji wa siku, nao maafisa wa afya ya umma huanza kuhofia kipindupindu.

Aghalabu mtaro huo haukuziba siku hiyo. Wakazi walikwisha kuuzungumzia zamani: kwa chifu barazani, kwa mwakilishi wa wadi walipokutana msibani, na katika kundi la WhatsApp la mtaa. Kila mmoja akaamini kwamba serikali imeambiwa. Lakini neno lililosemwa kwa watu watatu bila kuandikwa popote halina afisa anayelazimika kulijibu.

Makala haya yanafuata mtaro mmoja wa mfano, ulio kando ya soko la mtaa katika Manispaa ya Malindi, ili kueleza malalamiko ya mkazi hupitia wapi, huamuliwa na nani, na ni wakati gani mkazi ana haki ya kudai jibu.

Kwanza: ni kazi ya nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linagawa kazi kati ya Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti. Kaunti imepewa masoko, uzoaji wa taka na majaa, taa za barabarani, barabara za kaunti, leseni za biashara, huduma za zimamoto, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Usimamizi wa maji ya mvua katika maeneo yaliyojengeka umo katika orodha hiyo pia. Kwa hivyo mtaro wa kando ya soko ni mzigo wa kaunti.

Hali ni tofauti mtaro ukiwa kando ya barabara ya kitaifa. Barabara kuu ya Mombasa–Malindi, kwa mfano, iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA). Kaunti inaweza kuiandikia mamlaka hiyo na kufuatilia, lakini haiwezi kutuma mafundi wake kuchimbua barabara isiyo yake.

Maji ya mfereji nayo yana njia yake. Malindi na Magarini huhudumiwa na kampuni ya MAWASCO, na maeneo ya Kilifi na Mariakani na KIMAWASCO. Hizi ni kampuni za kaunti, lakini sehemu kubwa ya maji yao hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, vilivyo chini ya shirika la kitaifa la Coast Water Works Development Agency. Bomba likipasuka mtaani, mkazi aanze na kampuni yake ya maji. Umeme ukikatika nyumbani, hilo ni la Kenya Power. Taa ya barabarani ikizimika, hilo ni la kaunti au manispaa.

Chifu na naibu wake ni maafisa wa Serikali ya Kitaifa. Usalama, utambulisho wa anayeomba kitambulisho na migogoro mingi ya kijirani hufika kwao, na baraza zao huwasaidia wengi. Hata hivyo, hawana bajeti ya mitaro wala ya taka. Malalamiko kuhusu huduma ya kaunti yakiishia kwa chifu, yameishia kwenye ofisi nyingine.

Mlango wa kwanza ni wadi

Kaunti ya Kilifi ina wadi 35 katika kaunti ndogo saba. Kila wadi ina watu wawili ambao wakazi huwachanganya mara kwa mara.

Mmoja ni mwakilishi wa wadi, yaani MCA. Huyu amechaguliwa kwa kura. Kazi yake ni kuwawakilisha wakazi katika Bunge la Kaunti, kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuchunguza jinsi fedha zinavyotumika. Si kazi yake kutoa kandarasi wala kutuma tingatinga.

Mwingine ni msimamizi wa wadi. Huyu ni mwajiriwa wa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa jukumu la kuratibu utoaji wa huduma, utunzaji wa miundombinu ya umma na ushiriki wa wananchi katika wadi yake. Juu yake yuko msimamizi wa kaunti ndogo. Mtaro ulioziba, jaa lililofurika au choo cha soko kilichoharibika vinaanzia mezani kwa msimamizi wa wadi.

Palipo na manispaa, kama Malindi na Kilifi, kuna mlango mwingine: ofisi ya meneja wa manispaa, anayefanya kazi chini ya bodi. Kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, bodi ya manispaa ina wanachama tisa. Miongoni mwao wamo wanaopendekezwa na vyama vilivyosajiliwa vya wakazi wa mitaa, na wengine na vyama vya wafanyabiashara wadogo wa juakali. Chama cha wauza mboga kilichosajiliwa kina sauti katika uteuzi huo, ilhali kundi lisilo na usajili halina.

Kuzibua si kujenga

Hapa ndipo wakazi na maafisa hukosana zaidi. Kuna maombi ya aina mbili, na kila moja lina mwendo wake.

La kwanza ni kazi ya kila siku: kuzibua mtaro, kuzoa taka, kubadilisha taa iliyoungua, kufukia shimo. Fedha zake zimo katika matumizi ya kawaida ya mwaka. Ombi la namna hii halihitaji kusubiri bajeti mpya. Likichelewa, mkazi ana haki ya kuuliza sababu, kwa kuwa kazi hiyo imekwisha kutengewa fedha.

La pili ni mradi: kujenga mtaro mpya, kuezeka soko, kuweka taa pasipokuwa na nguzo. Mradi hauanzi kwa sababu afisa ameguswa na shida ya watu. Lazima uwe katika mpango, upitishwe na Bunge la Kaunti, kisha utangazwe kwa zabuni.

Mtaro wa mfano wetu unaweza kuwa na yote mawili. Umejaa mchanga na mifuko, na hilo ni la kuzibua wiki hii. Lakini pia ni mwembamba, ulijengwa soko lilipokuwa dogo, na hata ukiwa safi haubebi maji ya masika. Hilo ni la mradi. Barua inayosema tu “tusaidieni na mtaro” huacha afisa achague lipi la kujibu. Afadhali barua iyatenganishe.

Kalenda ya fedha

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaweka tarehe ambazo mkazi anafaa kuzijua kama mkulima anavyojua msimu.

Kufikia tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti. Mpango huu ni wa mwaka wa fedha unaofuata. Kufikia tarehe 28 Februari huwasilishwa Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili huwasilishwa makadirio ya bajeti yenyewe, na kufikia tarehe 30 Juni bajeti inapaswa kuwa imepitishwa. Katika hatua hizi umma hualikwa kutoa maoni.

Maana yake ni hii: wauza mboga wakiomba mtaro mpya mwezi Mei, maji yakiwa magotini, makadirio yamekwisha kufika Bungeni. Bado wanaweza kusikizwa na kamati ya bajeti ya Bunge kabla ya Juni, lakini nafasi imebaki ndogo. Wakiomba mwezi Julai au mapema Agosti, jua likiwaka na hakuna anayekumbuka mafuriko, ombi lao linaweza kuingia katika mpango wa Septemba, nazo fedha zikaanza kupatikana Julai ya mwaka unaofuata. Ni safari ndefu hata mambo yakienda sawa, na ni bora mkazi aijue kuliko kuahidiwa mtaro “mwezi ujao”.

Ipo pia bajeti ya ziada ndani ya mwaka. Hiyo nayo hupitia Bunge la Kaunti, na si ya kutegemewa kwa maombi ya kawaida.

“Na ushuru tunaolipa?”

Swali hili huulizwa katika kila soko, na ni la haki. Katiba, kifungu cha 209, inaruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na viwanja, kodi ya burudani na ada za huduma inazotoa. Viwango vya ada hizo, ukiwemo ushuru wa soko, huwekwa katika Sheria ya Fedha ya Kaunti, ambayo mswada wake pia huletwa kwa umma kutolewa maoni.

Kifungu cha 210 kinaongeza kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa au kusamehewa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Hivyo mkusanyaji ushuru hana mamlaka ya kumsamehe mfanyabiashara kwa mdomo, wala ya kumtoza zaidi ya kiwango kilichowekwa. Kila malipo yawe na risiti. Wafanyabiashara wakienda ofisini na risiti za miezi sita, wanakwenda na ushahidi kwamba wao wametimiza sehemu yao. Wakigoma kulipa kwa sababu ya mtaro, mazungumzo hugeuka kuwa ya deni lao.

Jibu ni haki

Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Kifungu cha 89 kinazitaka ofisi za kaunti kujibu maombi hayo bila kukawia. Kwa wakazi wa manispaa, sheria ya miji inaongeza kwamba bodi ipokee maombi kutoka mabaraza ya wananchi, itoe mapendekezo, na meneja ayatekeleze, kisha uamuzi uripotiwe pamoja na sababu zake. Sheria inaitaka bodi kukutana mara moja kila miezi mitatu. Kwa hiyo ombi linalopelekwa kwa bodi lifike mapema kabla ya kikao, nalo la dharura lipelekwe moja kwa moja kwa meneja.

Jibu linaweza kuwa “hapana”. Fedha hazitoshi kila mtaro, na wadi nyingine inaweza kuwa na shida kubwa zaidi. Lakini “hapana” yenye sababu humsaidia mkazi: anajua kama ajaribu tena Septemba, aende KeNHA, au apinge uamuzi huo. Kimya hakimsaidii.

Jibu lisipokuja

Hatua ya kwanza ni kupanda ngazi: msimamizi wa kaunti ndogo, au idara husika ya kaunti. Hatua ya pili ni Bunge la Kaunti. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi huko, kupitia ofisi ya karani.

Hatua ya tatu ni kuomba habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuuliza, kwa mfano, ni kiasi gani kilitengwa kwa usafi wa mitaro katika wadi yake, na nani alipewa kandarasi. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, huandikiwa na afisa na kupewa nakala. Ofisi ina siku 21 kujibu, na inaweza kujiongezea mara moja siku zisizozidi 14. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu ni ndani ya saa 48. Ofisi ikinyima habari, mkazi anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman, ndani ya siku 30 baada ya kuarifiwa uamuzi.

Barua yenye kujibika

Barua haihitaji wakili wala maneno makubwa. Inatosha iwe na mambo haya:

• Tarehe, na jina la ofisi inayoandikiwa.
• Mahali hasa: soko, mtaa, wadi, na alama inayojulikana, kama msikiti, shule au stendi ya bodaboda.
• Tatizo lilianza lini na limemdhuru nani.
• Linaloombwa kufanywa sasa, na linaloombwa kuwekwa katika bajeti, kila moja kivyake.
• Majina na saini za wanaoomba, na picha zikiwepo.

Barua itolewe nakala mbili. Moja hubaki ofisini. Nyingine hugongwa muhuri wa kupokelewa, ikaandikwa tarehe, na kurudi na mkazi. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo itakayouliza swali mwezi ujao, hata kama afisa aliyeipokea amehamishwa na mwakilishi wa wadi amebadilika. Wauza mboga wa mfano wetu wakiwa nayo mkononi, hawaanzi upya kila masika. Wanaanzia pale walipoachia.