Chupa Ndogo Iliyotaka Kutukosanisha

Leo naungama. Kwa miezi mitatu nilikuwa namuumiza mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Mwenzangu ana ugonjwa wa seliaki. Aliteseka miaka na tumbo kujaa gesi, kuharisha na upungufu wa damu usiosikia vidonge, mpaka vipimo vikasema. Akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia utumbo mwembamba. Dawa ni kuacha, maisha yake yote. Basi tukaaga chapati, maandazi, sambusa na bia. (Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoililia.)

Mimi nikajiona mjanja. Ijumaa kwetu ni usiku wa mapishi ya Kichina: wali, kuku, hoho, tangawizi, vitunguu saumu na soya sosi ya kumwaga. Wali si hauna ngano?

Jumamosi alikuwa anashinda chooni. Baadaye akaanza kuchelewa kurudi kila Ijumaa. "Nimeshakula, mama." Wanawake wenzangu mnajua akili inakimbilia wapi. Nilipekua simu yake, sikuona kitu. Mwisho nikamuuliza uso kwa uso: unapikiwa na nani? Akainama. "Nakula mishkaki na ndizi pale kona. Chakula chako kinaniumiza, nilishindwa kukwambia."

Nililia. Kisha nikaingia jikoni, nikashika ile chupa na kusoma maandishi madogo ya nyuma: maji, soya, chumvi, ngano. Ngano!

Kumbe soya sosi ya Kijapani ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, karibu nusu kwa nusu. Usidanganywe kwamba kuchachushwa kunaimaliza gluteni. Mgonjwa wa seliaki hatakiwi kubahatisha. Sosi ya chaza mara nyingi imetiwa soya sosi hiyo hiyo au unga wa ngano. Hoisini na teriyaki nazo ni vivyo hivyo. Nilimwaga chupa nne siku hiyo.

Mkombozi wetu ni tamari, soya sosi ambayo kwa kawaida haina ngano. Nasema kwa kawaida, kwa sababu zipo zinazotiwa kidogo, kwa hiyo soma lebo hata kama uliisoma mwezi jana. Tafuta maneno "gluten-free": kwa kiwango cha kimataifa, gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo. Bei yake inauma, ndiyo maana ndugu akisafiri simuagizi tena manukato.

Lakini raha niliipata nilipohamia Thailand, kwa sufuria tu jamani! Sosi yao ya samaki kimsingi ni samaki wadogo na chumvi. Changanya na ukwaju, sukari na ndimu, mwagia kwenye tambi za mchele zilizolowekwa, weka karanga zilizotwangwa. Tui la nazi nani atufundishe sisi? Ukitaka mchuzi mzito, koroga konflawa kwenye maji baridi, isiwe unga wa ngano. Siki iwe ya mchele, maana ile ya kimea inatokana na shayiri.

Karai lake ni la peke yake, na mwiko wake pia. Mafuta yaliyokaanga maandazi hayagusi chakula chake. Mama mkwe aliona namtenga mwanawe, tukaelewana polepole.

Na wewe unayejihisi, usikimbilie kuacha ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha mapema, vipimo vinaweza kuonyesha huna kitu wakati unacho. Muone daktari kwanza.

Ijumaa iliyopita alirudi saa kumi na mbili, mapema kuliko mimi. Nilimkuta jikoni na tai yake shingoni, ameinua chupa kwenye taa, anasoma lebo.

"Hii iko poa," akasema. "Tambi ziko wapi?"