Ndigana kali: kosa si la kupe peke yake

Ndigana kali humuua ng'ombe wa maziwa upesi: homa kali, tezi za chini ya masikio kuvimba, pumzi kumpanda, povu kumtoka puani. Mfugaji wa Bububu, Unguja, ukimuuliza chanzo atakwambia kupe, na hakosei. Lakini hiyo ni nusu ya habari.

Kupe huzaliwa msafi. Kidudu kiitwacho Theileria parva hukipata kwa kumnyonya ng'ombe mwenye maambukizi, naye hukipeleka kwa mwingine baada ya kujivua gamba na kukua. Hata hapo hakiambukizi papo hapo. Aghalabu hukomaa kwenye tezi za mate baada ya kupe kunyonya siku 3 au 4. Kwa hiyo mfugaji anayepekua masikio ya ng'ombe wake kila siku anaweza kuuwahi ugonjwa kabla haujapita.

Kisha kuna ng'ombe mwenyewe. Ndama wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe huambukizwa mapema. Wengi hupona na kubaki na kinga. Ng'ombe wa kisasa, mwenye damu ya Jersey au Friesian, hana uzoefu huo mwilini. Akikutwa na maradhi huku ametoka kuzaa na lishe ni haba, nguvu za kupambana humwishia. Masika nayo huongeza unyevu, kupe wakubwa wakatapakaa. Wala kumfungia bandani si salama kamili, maana kupe huja ndani ya majani yaliyokatwa walikolishwa ng'ombe wengine.

Maradhi ni mnyororo, na Unguja tumeshaona faida ya kuvunja kiungo kimoja. Nagana, maradhi ya mifugo yanayoenezwa na mbung'o, haina chanjo hadi leo, lakini kati ya 1994 na 1997 mbung'o madume waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege kisiwani. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996, na nagana ikakosa mbebaji.

Kupe hatujamuweza hivyo, basi tuvibane viungo vingine. Ipo chanjo ya ndigana kali iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya: ng'ombe hudungwa vidudu hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, akapata kinga bila kuugua sana. Mwenye ng'ombe wa kisasa, muulize daktari wa mifugo habari zake kabla ya masika. Na ukigusa tezi za masikio ukazikuta zimevimba, mwite siku hiyo hiyo. Tiba ya buparvakwoni hufaa zaidi ikianza mapema.