Je, Wajua? Machakos Hadi Kigali kwa Kitambulisho

Je, wajua kwamba mwanamke wa Machakos anaweza kusafiri hadi Kampala au Kigali, peke yake au na marafiki, bila pasipoti? Tangu Januari 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zinakubali kitambulisho cha taifa mpakani.

Na akitaka pasipoti? Zamani, mwanamke aliyeolewa alitakiwa kuwa na idhini ya mumewe ndipo apewe. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010 inasema wazi: Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata pasipoti, na cha 39 kinampa kila mtu haki ya kutoka nchini.

Dada, kabla ya kupanda basi la Kampala, beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na uwaachie wa nyumbani ratiba yako.