Tujue Umeme wa Vifaa Vyetu (7): Habu Huongeza Matundu, Haiongezi Umeme

Njia ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka, inayokusudiwa kutuunganisha sisi wa Kagera na Gridi ya Taifa, imenikumbusha deni langu kwa wasomaji: kueleza habu ya USB, kifaa kinachogeuza tundu moja la kompyuta kuwa mengi. Kwa miaka mingi Bukoba na Muleba zimewashwa na umeme wa Uganda, unaotufikia kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi kituo cha Kyaka. Jirani alituuzia kwa kiasi, na kila transfoma mpya iliyofungwa Muleba haikuongeza hata wati moja kwenye kiasi hicho. Iligawa tu.

Habu ya USB ndivyo ilivyo. Volti, ampea na wati tulikwisha kuzieleza, sitazirudia.

Januari 1996 kampuni saba, yaani Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel, zilitoa toleo la kwanza la USB. Miongoni mwa wahandisi wake alikuwa Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa India. Wengi husifu wepesi wa kuchomeka. Mimi miaka yote nimesifu adabu yake. Kwa toleo hilo, kifaa kikishachomekwa hakiruhusiwi kuvuta zaidi ya miliampea 100. Kwanza kijitambulishe na kutaja mahitaji yake. Kompyuta ikikubali ndipo kinapanda, na ukomo ni miliampea 500. Omba kabla hujachukua, na unapoomba sema kweli. Ningependa watoto wetu wafundishwe kanuni hii darasani, wala si kwa ajili ya kompyuta peke yake.

Walipofika kwenye habu, wahandisi wale walipiga hesabu ya watu waaminifu. Habu isiyo na adapta yake ya umeme hupewa miliampea 500. Yenyewe hujitengea 100. Zinabaki 400, mafungu manne ya 100, na ndiyo maana habu ndogo nyingi zina matundu manne hadi leo. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilipandisha ukomo hadi 900 na fungu likawa 150, lakini mpango ni uleule. Kwa mpango huo, habu yenye adapta yake ndiyo pekee inayoweza kulipa kila tundu 500 kamili.

Waliokuja baadaye ndio walioharibu. Habu nyingi za bei ya chini huiambia kompyuta kwamba zina umeme wake, ilhali hata tundu la adapta hazina. Kompyuta huamini, ikaruhusu kila kifaa kidai 500 kwenye 500 moja. Huo ni uongo uliopigwa chapa kiwandani, na anayeulipia ni mtu wa kipato kidogo.

Nimeuona kwenye steshenari moja mjini Muleba. Binti wa pale aliniambia: "Shikamoo Mwalimu, naomba unitazamie, hii diski inajizima yenyewe." Laptopu moja, habu ya matundu manne, humo mausi, skana, diski ya nje na simu ya mteja inayochajiwa. Taa ya skana ilipoanza kutembea, diski ikalia tik, tik, na folda la maombi ya mikopo ya wanafunzi likatoweka kwenye kioo. Diski ya namna ile inapoanza kuzunguka huweza kudai karibu ampea nzima. Nikachomoa simu, diski nikaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Folda likarudi.

"Kumbe si virusi?"

Si virusi, binti yangu. Boksi la ile habu lilijaa sifa pande zote, tarakimu ya miliampea hapakuwa na hata moja. Chaja ya simu huandikwa volti na ampea zake. Habu kwa nini isiandikwe? Nimeshalisema na ninalirudia: TBS, shirika lililoundwa mwaka 1975 kwa kazi ya viwango, litake kila habu inayoingia nchini ioneshe jumla ya umeme inaotoa kwa matundu yote, na kama ina adapta au haina.

Kwa sasa, mwenye steshenari anunue habu yenye adapta ya volti 5. Kwa matundu saba ya miliampea 500, ampea 4 zinatosha. Simu zichajiwe ukutani. Na umeme ukikatika, kama tulivyozoea huku, laptopu huendelea kwa betri lakini adapta ya habu imezimika, nazo habu nyingi hurudi kwenye 500 za laptopu. Dakika hiyo acha kuskani, funga mafaili, uitoe diski.